PIN Ni Yako, Nenosiri Ni la Nani?

Wadogo zangu wa Kisii na Nyamira, mwaka mzima barua zenu huwa za mapenzi, mawifi na mashamba ya kugawana, lakini Mei ikiingia hewa hubadilika. Kila anayeniandikia ana neno moja tu mdomoni: KRA, yaani mamlaka ya kodi. Basi leo mawifi wapumzike. Vuteni viti tuongee kodi ya mapato na hii mitambo tuliyoambiwa inakuja kuturahisishia maisha.

Nianze na kijana wa Kisii University, maana swali lake nimeulizwa na wengi kwa maneno tofauti. "Dada, nilichukua PIN ya kodi nilipomaliza kidato cha nne kwa sababu HELB, watu wa mikopo ya wanafunzi, waliitaka. Sijawahi kuajiriwa hata siku moja. Juzi nimeingia iTax, tovuti ya KRA, nikakuta ninadaiwa elfu nane. Nimekosa nini?"

Mdogo wangu, kuchukua PIN hakukuwa kosa. Ulichoacha ni kuwaambia kila mwaka kwamba hujapata kitu. Ukishasajiliwa kwa kodi ya mapato, sheria inakutaka ufaili ritani ya mwaka uliopita kabla tarehe 30 Juni haijaisha, uwe na mapato au usiwe nayo. Asiye na kitu anafaili nil. Asipofaili, faini ni shilingi 2,000 au asilimia 5 ya kodi anayodaiwa, ile iliyo kubwa zaidi. Zidisha miaka minne kwa elfu mbili, hiyo hapo elfu nane yako. Na kabla hujalaani, jua kwamba mpaka Sheria ya Fedha ya 2018 ilipoipunguza, faini ya mtu binafsi ilikuwa 20,000. Waliokutangulia chuoni walilia zaidi yako.

Kinachoniuma ni kwamba kulikuwa na msamaha. Wa kwanza ulianza Septemba 2023 hadi Juni 2024, wa pili ukatoka mwisho wa Desemba 2024 ukaenda hadi tarehe 30 Juni 2025. Faini za miaka ya nyuma zilifutwa kwa watu waliosafisha ritani zao na kulipa kodi yenyewe kama ilikuwapo, na wewe hukuwa na kodi ya kulipa. Ulichohitaji ni kuingia na kufaili nil zilizolala. Madirisha kama hayo hufunguliwa bila kelele nyingi vijijini kwetu, kisha hufungwa. Kwa hiyo leo, kabla hujaanza kufikiria faini, ingia ufaili miaka yote iliyobaki, ukianza na wa zamani zaidi, ili deni lisiendelee kunenepa. Nil haihitaji kompyuta. Programu ya KRA M-Service inaimaliza kwenye simu kwa muda ambao chai yako haijapoa. Na uifanye kabla hujaanza kutafuta kazi, maana siku TSC, tume ya walimu, au kaunti wakikuita watataka hati ya kufuata sheria za kodi, na hati hiyo haitoki kwa mtu mwenye ritani zinazongoja.

Wadogo zangu, hapa nataka mnisikilize vizuri. KRA ilianza kazi mwaka 1995, na kwa miaka mingi kufaili kulikuwa karatasi, kalamu na foleni. Ulimfikia afisa dirishani, akapokea fomu yako, akaipitia, akagonga muhuri, ukaenda nyumbani na nakala yako. iTax ilipoenea katikati ya mwongo uliopita, karatasi ziliondoka na foleni ikapungua. Lakini ile kazi ya afisa haikuyeyuka. Ulikabidhiwa wewe: kuingiza tarakimu, kuchagua kisanduku, kujua kama wewe ni mkaazi, kujua mwezi gani unaitwa kipindi gani. Na wewe, kwa kuwa fomu imeandikwa Kiingereza na kompyuta huna, ukaichukua kazi hiyo ukampa kijana wa saiba.

Siwasemi vibaya vijana wa saiba. Bila wao nusu ya Gucha na Borabu isingekuwa na PIN wala kitambulisho cha kidijitali cha aina yoyote. Lakini hebu tuingie humo tutazame kwa karibu. Duka lina kompyuta tatu, mashine moja ya kutoa nakala, na kando ya kibodi kuna daftari la mistari, kona zimekunjamana. Umetoa mia mbili zako. Kijana anafungua daftari, anapekua, na hapo unaliona jina lako: namba ya kitambulisho, PIN, nenosiri, na barua pepe. Juu yako kuna jina la jirani yako. Chini yako kuna la mwalimu mkuu. Daftari hilo halina kufuli. Likiibwa, likisahaulika kwenye matatu ya Keroka, au kijana akiamua kwenda Nairobi kutafuta maisha, nusu ya mtaa wenu imekwenda naye.

Nenosiri si tatizo kubwa sana kwa sababu hubadilishwa. Tatizo ni barua pepe. Wengi wenu mlisajiliwa kwa barua pepe ambayo kijana aliifungua siku ile ile kwa haraka, au mbaya zaidi, kwa barua pepe yake mwenyewe. Maana yake ni hii: ukisahau nenosiri, mfumo unatuma jipya kwake. KRA ikikuandikia kwamba una swali la kujibu, barua inamfikia yeye. Risiti ya kwamba ulifaili inalala kwake. Dada mmoja wa Nyamache aliniandikia kwamba alituliza roho miaka mitatu akiamini ritani zake zimefailiwa kwa sababu kijana alimwambia "tayari, mama", na hakuwahi kuona karatasi yoyote. Hakuna iliyokuwa imefailiwa.

Kwa hiyo agizo langu la kwanza, na mkisahau yote mengine msisahau hili: barua pepe iliyo kwenye PIN yako iwe yako, inayofunguka kwenye simu yako. Ukiweza kuingia iTax, nenda sehemu ya usajili, chagua kurekebisha taarifa za PIN, uweke barua pepe na namba ya simu unayotumia leo. Ukishindwa kuingia kabisa, beba kitambulisho chako halisi uende dawati la KRA lililo Huduma Centre, Kisii mjini au Nyamira, upande wowote ulio karibu nawe. Usitume mtu. Kisha badilisha nenosiri, na jamani, jina la mtoto likifuatwa na 123 si siri kwa mtu yeyote anayewajua watoto wako. Saiba uendelee kwenda kama unahitaji mkono, lakini andika nenosiri mwenyewe kwa vidole vyako, na usiondoke mpaka ile hati ya kukiri kupokea ritani iingie kwenye barua pepe yako ukiitazama.

Ukiwa humo ndani, tazama pia ni majukumu gani ya kodi umesajiliwa. Nimeona watu waliotaka PIN ya kawaida wakajikuta wameandikishwa kama waajiri au walipaji wa VAT, kwa sababu aliyejaza alibofya visanduku vyote ili amalize. Kwa VAT, ritani iliyochelewa inaweza kukupa faini ya 10,000 kwa mwezi. Kwa mwezi! Mtu anauza mandazi Ogembo na kwenye mfumo ni kampuni.

Sasa mwalimu wangu wa Borabu. Anasema: "Mimi TSC hunikata PAYE kila mwezi, nilienda saiba Juni iliyopita wakanifailia nil kwa sababu waliniambia ndiyo ya haraka. Kuna shida?"

Ipo, mwalimu, na ni kubwa kuliko ya yule mwanafunzi. Nil ni tamko kwamba hukupata shilingi mwaka mzima, na KRA wana ritani za mwajiri wako zinazosema ulilipwa na ulikatwa. Umesimama mbele ya serikali ukasema huna mshahara, na serikali ndiyo inayokulipa huo mshahara. Rekebisha ritani hiyo mapema kabla hujaulizwa. Fomu yako ya P9 huhitaji kumlilia mtu, iko kwenye T-Pay, tovuti ya malipo ya TSC, ipakue. Ndani yake mmeandikwa mshahara wa kila mwezi kuanzia Januari hadi Desemba, kodi iliyokatwa, na nafuu uliyopewa. Kwa mtu mwenye mshahara peke yake kuna fomu inayojazwa moja kwa moja mtandaoni, na mambo mengi utayakuta yameshaletwa kutoka kwa mwajiri. Kazi yako ni kulinganisha na P9, mstari kwa mstari. Zikitofautiana, usibonyeze kutuma kwa matumaini. Mpigie mhasibu.

Na wewe mwenye waajiri wawili kwa wakati mmoja, kijana wa Keroka unayefundisha chuo cha kibinafsi mchana na kuandika hesabu za sacco jioni, keti chini kabla sijakwambia. Kila mwajiri anakulipa 24,000. Kila mmoja akikukokotolea peke yake, kodi ni asilimia 10, yaani 2,400, kisha anakuondolea nafuu ya kibinafsi ya 2,400, unabaki sifuri. Umefurahi mwaka mzima kwamba hukatwi. Lakini nafuu hiyo ni moja kwa mtu, haizaliani kwa kila kazi. Ukijumlisha, wewe ni mtu wa 48,000 kwa mwezi. Kodi ya 24,000 za kwanza ni 2,400. Shilingi 8,333 zinazofuata zinatozwa asilimia 25, ni kama 2,083. Zile 15,667 zilizobaki zinatozwa asilimia 30, ni 4,700. Jumla 9,183, toa nafuu moja, inabaki kodi ya 6,783 kila mwezi. Nimeacha kando makato ya bima ya afya ya SHIF, akiba ya uzeeni ya NSSF na nyumba, ambayo siku hizi yote huondolewa kwanza kabla ya kukokotoa kodi, kwa hiyo deni lako halisi litapungua kiasi. Bado kwa mwaka mzima unazungumzia pesa inayokaribia kununua ng'ombe wa maziwa, na iTax itakuonyesha deni hilo siku moja, Juni, ukiwa umekula zote. Dawa ya kulipunguza ni kumwambia mwajiri wa pili mapema kwamba yeye ni wa pili, asikupe nafuu, akukate kuanzia mwezi huu.

Aliyeachishwa kazi katikati ya mwaka hesabu yake huenda upande mwingine. Huenda ulikatwa zaidi, na mfumo ukaonyesha kwamba wewe ndiye unayedai. Usiogope kudai. Ni pesa yako.

Wafanyabiashara wa soko la Daraja Mbili, mmeniandikia kwa wingi na mmeandika mkiwa na hasira, na sina la kuwalaumu. Kodi ya mauzo, TOT, inamgusa mtu mwenye mauzo ya zaidi ya milioni moja hadi milioni 25 kwa mwaka. Milioni moja inasikika kama pesa ya mabwana, lakini igawanye kwa siku za mwaka: ni kama shilingi 2,740 kwa siku. Mama anayeuza ndizi kwa mikungu siku za soko anaivuka bila kujijua. Na tangu Julai 2023 kiwango ni asilimia 3 ya mauzo yote, kutoka asilimia 1, wala mfumo haukuulizi kama ulipata faida au mvua iliozesha mzigo. Mauzo ya 84,000 kwa mwezi ni 2,520 ya KRA, kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Mimi naiona kodi hii kuwa nyepesi kujaza na nzito kulipa. Urahisi wake kwenye simu ndio uliowafanya wengi wasione kwamba inakula mtaji. Lakini ndiyo sheria, na anayeona faida yake ni ndogo mno anaweza kuomba kubaki kwenye kodi ya kawaida ya faida, ila hapo lazima awe na daftari na risiti za kweli.

Wenye nyumba za kupanga karibu na chuo, yenu ni fupi. Vyumba tisa vya elfu tatu ni 27,000 kwa mwezi. Umevuka 288,000 kwa mwaka, uko ndani. Tangu Januari 2024 ni asilimia 7.5 ya kodi ya nyumba yote unayopokea, kwa hiyo 2,025, nayo pia ni tarehe 20. Wanafunzi wakienda likizo na vyumba vikabaki wazi, bado unafaili mwezi huo, hata kama ni nil. Basi.

Chai ndiyo iliyoleta maswali ya kutisha. Mzee mmoja wa upande wa Kebirigo anauliza kama ni kweli lazima awe na eTIMS ili apokee bonasi yake. Nimwondolee wasiwasi, kisha nimweleze uvumi huo ulitoka wapi. eTIMS ni mfumo wa ankara za kielektroniki ulioingia mwaka 2023. Sheria ya Fedha ya mwaka huo ilisema kwamba kuanzia Januari 2024, mfanyabiashara hawezi kuhesabu gharama ya manunuzi kwenye kodi yake kama haina ankara ya eTIMS. Wanunuzi wakaogopa. Mwenye hoteli Kisii mjini akamwambia mama wa managu, "bila eTIMS sinunui", maana pesa anayomlipa mama ingehesabiwa kama faida yake mwenyewe. Mama akarudi na gunia lake. Sheria ililenga walanguzi wakubwa, ikamkuta mtu mwenye kabambe na robo ekari.

Makelele yalipozidi, walirekebisha. Tangu tarehe 27 Desemba 2024, mkulima au mfanyabiashara mdogo ambaye mauzo yake hayazidi milioni tano kwa mwaka anaweza kuandikiwa ankara na mnunuzi. Mzigo wa mtambo umehamia kwa mwenye kompyuta, na hapo ndipo ulipopaswa kuwa tangu mwanzo. Na kama unataka kutoa ankara mwenyewe, *222# inafanya kazi hata kwenye simu isiyo na intaneti. Mzee wangu, endelea kuchuma. Ila uijue PIN yako na uhakikishe mnunuzi anaiandika sawasawa, maana tarakimu moja ikikosewa mauzo yako yatakwenda kwa mtu wa Kitui.

Nataka niwakumbushe pia kwamba mfumo unaona zaidi ya mnavyodhani. KRA ilitangaza kwamba kuanzia Januari 2026 itakuwa ikilinganisha mapato na gharama mnazoandika na kumbukumbu za eTIMS, kodi ya zuio na mizigo iliyopita forodhani. Ile tabia ya kubuni gharama za mafuta ya gari usiloendesha imepitwa na wakati. Na hapa ndipo hasira yangu mwenyewe inapoanzia, wadogo zangu. Kama mtambo unajua mshahara wa mwalimu, unajua alikatwa nini, na unaweza kumkamata akidanganya, kwa nini bado anatakiwa apande matatu kuja mjini kuuambia unachokijua?

Jirani zetu Watanzania hawasumbuliwi hivyo. Mtu ambaye mapato yake yote ni mshahara uliokwisha kukatwa kodi na mwajiri kwa kawaida hapeleki ritani. Uingereza pia wafanyakazi wengi hawafaili chochote. Sisi tumeanza kujongea upande huo: Sheria ya Fedha ya 2025 imemlazimu mwajiri kukupa nafuu zote unazostahili anapokokotoa PAYE, badala ya kukuacha ukazidai Juni. Ni hatua nzuri. Lakini mwajiri akishakokotoa sawasawa, ritani ya mwenye mshahara mmoja inabaki kuwa zoezi la kuandika upya alichoandika mtu mwingine. Wangeifuta. Na yule mwanafunzi wa HELB, PIN yake ingelala bila wajibu wowote mpaka siku mwajiri, mpangaji au ankara ya kwanza itakapoiamsha. Nil yake haiongezi hata ndururu kwenye hazina, lakini inamtia yeye kwenye deni.

Lugha nayo. Ibara ya 7 ya Katiba inasema Kiswahili ni lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Fungua iTax uniambie umekiona wapi. Na ile fomu ya Excel ya mtu mwenye biashara, ambayo lazima uipakue, uruhusu makro zake, ujaze, uthibitishe, utengeneze faili ya zip kisha uipandishe tena, haifanyiki kwenye simu. Kaunti mbili ambazo watu wake wengi hupata intaneti kwenye simu, na fomu ya mfanyabiashara inadai kompyuta. Mkinitaka niseme kwa nini daftari la saiba lipo, nitawaonyesha fomu hiyo kwanza.

Najua mtasema dada anaota. Juni 2024 vijana walijaa barabarani Kisii kama kwingineko nchini kupinga Mswada wa Fedha, na Rais akakataa kuutia saini. Yaliyotokea yalikuwa machungu, kuna waliozikwa. Mimi nawaomba mjue pia njia ile ya polepole. Kila mwaka mswada huchapishwa kufikia mwisho wa Aprili, na Kamati ya Fedha ya Bunge la Taifa hupokea maoni ya maandishi kutoka kwa yeyote. Mwaka 2025 kulikuwa na kifungu cha kuondoa ulinzi unaoizuia KRA kuwalazimisha wafanyabiashara kuunganisha mifumo yao kwa namna ya kuipa taarifa binafsi za wateja. Watu waliandika, kamati ikakikataa. Mzigo wa eTIMS nao ulihamishwa baada ya watu kulalamika. Ukurasa mmoja wenye hoja moja na mfano wa kweli kutoka Daraja Mbili unatosha, na Kiswahili kinaruhusiwa.

Kuna swali nililotaka kuliruka lakini limeandikwa na wanawake watatu tofauti, kwa hiyo ngoja. Wameona kwenye fomu ya mume swali kama anataka kutangaza mapato ya mke. Limetoka wapi? Limetoka kwenye Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 1973, kifungu cha 45, kilichoyahesabu mapato ya mwanamke anayeishi na mumewe kuwa ya mume, isipokuwa mke achague kufaili mwenyewe. Kifungu kilipelekwa mahakamani, na Mahakama Kuu ikaona kinakwenda kinyume cha usawa uliomo kwenye Katiba. Dada zangu, mwenye duka au mshahara wake, faili kwa PIN yako mwenyewe. Na mume anayekushikia nenosiri "ili usisumbuke" mwambie asante, kisha libadilishe. Mapato yako yakiandikwa kwa jina lako, siku unapoomba mkopo wa kupanua duka utakuwa na historia ya kuonyesha.

La mwisho, kutoka kwa anayejiita Msumbufu wa Nyansiongo: "Nikingoja mpaka tarehe 29 usiku na mtandao ukaganda, nifanye nini?"

Kwanza usingoje. Siku za mwisho za Juni nchi nzima iko mlangoni. Mwaka 2023 tuliona eCitizen ikiangushwa na wadukuzi mwezi wa Julai na huduma za serikali zikasimama. Mitambo huanguka hata bila Juni. Lakini kama umeshakwama, piga picha ya skrini inayoonyesha saa na tarehe na maneno ya kosa. Jaribu tena, piga nyingine. Andika barua pepe kwa KRA usiku huo huo: PIN yako, saa uliyojaribu, kilichotokea, picha zikiwa zimeambatishwa. Sheria ya Fedha ya 2025 imefungua njia ya faini kuondolewa pale kosa linapokuwa la mfumo wenyewe, mfumo uliochelewa kusasishwa, faini iliyorudiwa mara mbili, au jukumu la kodi ulilosajiliwa kimakosa. Lakini asiye na ushahidi hana kesi. Kisha weka kengele ya saa kumi alfajiri ujaribu tena wenzako wakiwa wamelala. Kodi yenyewe ukiwa unadaiwa, lipa kwa namba ya malipo iliyotolewa na iTax yenyewe, kupitia M-Pesa au benki, na si kwa namba ya simu ya mtu aliyekutumia ujumbe akisema yeye ni wa KRA na ana haraka.